Shujaa Asiye na Ushahidi ni Mbabe Tu

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Katika mjadala wa chama chetu muhula uliopita, hoja ilikuwa kwamba hadithi za katuni zinawapotosha vijana. Waliounga mkono walishinda, na kura ni kura, sina kinyongo. Lakini dakika tatu za jukwaani hazimtoshi mtu kueleza jambo lililo moyoni, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Nataka kuzungumzia aina moja tu ya katuni, ile iliyotajwa kwa dharau kuliko zote: katuni ya jagina mwenye nguvu za ajabu ambaye pia ni mpelelezi, anayezunguka usiku katika mji wa giza akitafuta nani kamuua nani. Wengine walisema ni upuuzi wa Wazungu. Wengine wakasema inafundisha ujambazi. Mimi nasema kwamba sisi watoto wa Eastlands tunaihitaji katuni ya namna hiyo, na tena tunaihitaji kwa Kiswahili. Sababu zangu ni hizi.

Kwanza tuelewane ni kitu gani tunachozungumzia. Superman wa Marekani alitokea mwaka wa 1938. Huyo anaruka, anainua gari, na risasi ikimgonga inaanguka chini kama punje ya mahindi. Mwaka uliofuata, 1939, akatokea Batman katika toleo la 27 la Detective Comics, jarida ambalo jina lake lenyewe linataja wapelelezi. Batman hana nguvu zozote za ajabu. Ana akili ya kuchunguza, ana hasira, na ana pesa. (Wengi wetu hapa tayari tuna hizo mbili za kwanza.) Mwaka wa 1940 Will Eisner akaleta The Spirit, mpelelezi ambaye watu wanadhani amekufa, kumbe makao yake yako makaburini, na anatoka usiku akiwa na kofia na kinyago cha macho kuwasaka wahalifu.

Miaka hiyo hiyo sinema za Marekani zilijaa hadithi za mpelelezi mchovu, mvua, taa hafifu, mwanamke mwenye siri na polisi anayekula hongo. Wafaransa wakazipa jina la noir, yaani nyeusi, kwa sababu ya giza lililo katika mji na katika mioyo ya watu. Ukilichanganya giza hilo na jagina wa kuruka, unapata katuni ninayoizungumzia. Mfano unaojulikana sana ni Watchmen, ya Waingereza Alan Moore na Dave Gibbons, iliyotoka mwaka wa 1986 na 1987. Inaanza na jagina mmoja kutupwa kupitia dirishani akafa, na mwenzake mwenye koti refu na kofia anaanza kuuliza maswali. Kadiri unavyosoma, ndivyo unavyoanza kujiuliza swali kubwa zaidi: hawa wenye vinyago, kwani nani aliwapa ruhusa ya kutuhukumu?

Swali hilo liweke kando kidogo. Tutalirudia.

Sasa nije kwa wale wanaosema ni mambo ya Wazungu. Jamani, hivi tumesahau yale tunayosomeshwa katika Fasihi Simulizi? Kila mwaka tunakariri sifa za mighani, tunaandika "jagina ana nguvu zisizo za kawaida" na kupata alama zetu mbili. Fumo Liyongo wa pwani ni nani, kama si jagina wa kiwango cha Superman? Alikuwa mrefu, mwenye nguvu, mtunzi wa mashairi, na hakuna silaha iliyomdhuru isipokuwa kitu kimoja cha shaba kikichomwa kitovuni. Alipofungwa gerezani, mamake alimpelekea tupa iliyofichwa ndani ya mkate, naye akakata pingu huku ngoma na nyimbo zikifunika mlio wa chuma. Filamu gani ya leo inaishinda hiyo? Na Lwanda Magere wa Waluo, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, mikuki ya Lang'o ikimgonga na kupinda, ilhali uhai wake ulikuwa katika kivuli chake?

Lakini tazama vizuri hadithi hizo mbili, kwa maana hapa ndipo hoja yangu inapoota mizizi. Liyongo hakushindwa kwa vita. Mwanawe mwenyewe alitumwa na maadui, akamuuliza kwa upole ni kitu gani kinachoweza kumuua, na baba akasema. Lwanda Magere naye aliozwa msichana kutoka kwa maadui. Alipougua, akamwambia mkewe achanje kivuli chake badala ya mwili na kutia dawa pale. Mke alipoona kivuli kinatoa damu, alijua alichotumwa kujua. Ni hadithi za nguvu za ajabu, ndiyo, lakini pia ni hadithi za upelelezi: kuna siri, kuna mtu anayeitafuta, kuna swali linaloulizwa usiku nyumbani, na kuna usaliti wa mtu wa karibu. Giza lote lile la sinema za noir limo humo, na halikuja kwa meli.

Tofauti ni moja. Katika mighani yetu mpelelezi ni adui. Jagina ana mabavu, adui ana maswali, na mwenye maswali ndiye anayeshinda. Liyongo hakujiuliza kwa nini mwanawe amekuja na swali lile siku ile. Lwanda hakujiuliza kwa nini maadui waliopigana naye miaka yote sasa wanampa binti yao. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, lakini masimulizi yao wenyewe yanatuonyesha mwenye nguvu akianguka kwa sababu hakuuliza.

Upande wa pili, fasihi yetu ya Kiswahili ina wapelelezi hodari ambao hawana nguvu zozote za ajabu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka wa 1960, na humo tukampata Bwana Msa na kiko chake. Mtu amekufa penye mzimu, na watu wako tayari kabisa kuamini kwamba ni mambo ya mizimu. Bwana Msa hakubali. Anauliza, anapima, anarudi nyuma, mpaka kile kilichodhaniwa ni kazi ya mizimu kinaonekana kuwa kazi ya mkono wa binadamu. Baadaye Faraji Katalambulla akaandika Simu ya Kifo (1965), Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974), na Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Waulize walimu wetu, watakwambia riwaya hizo zilivyopita mkono kwa mkono mpaka majalada yakang'oka.

Kwa hiyo tunao majagina, na tunao wapelelezi. Katuni je? Nazo zipo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, kampuni ya Drum ya Afrika Kusini ilitoa jarida la African Film, ambalo halikuchorwa bali lilipigwa picha za watu halisi na kuandikwa maneno juu ya vichwa vyao. Shujaa wake aliitwa Lance Spearman, na wasomaji wakamwita "Spear": mpelelezi Mwafrika mwenye kofia, sigara nene na gari la kifahari, akipambana na maadui kama Rabon Zollo. Jarida lilisomwa Nairobi, Lagos na Accra. Watu waliokuwa vijana wakati ule wanamkumbuka mpaka leo. Fikiria maana yake: kampuni ya nchi ambako sheria za ubaguzi zilimkataza mtu mweusi kutembea mjini bila pasi ilitoa picha za mtu mweusi anayeingia hoteli yoyote na kutatua kila fumbo.

Hapa kwetu, Terry Hirst, ambaye pamoja na Hilary Ng'weno alianzisha jarida la Joe mwaka wa 1973, alikuja baadaye na Pichadithi, vitabu vya katuni vya masimulizi ya kwetu, na Lwanda Magere alikuwa mmoja wa waliochorwa. Frank Odoi, Mghana aliyefanya Nairobi kuwa kwao, alimchora Akokhan, jagina mwenye nguvu za kale za Kiafrika, na tukamsoma katika Daily Nation. Mchoraji huyo aliaga dunia Aprili 2012 katika ajali ya matatu humu Nairobi. Kisha kuna Shujaaz, iliyoanza Februari 2010, ikatolewa bure ndani ya gazeti. Boyie, kijana asiye na kazi, anaendesha redio ya siri kutoka chumbani mwake, na wasikilizaji hawajui ni nani. Hana mabavu, ana sauti tu.

Ukihesabu vizuri utaona pengo. Pichadithi ilikuwa na jina zuri la Kiswahili, lakini ndani ilikuwa Kiingereza. Akokhan alizungumza Kiingereza. Spear tuliyemjua hapa alizungumza Kiingereza. Shujaaz inaongea Sheng, na siilaumu, ndiyo lugha ya mtaa. Bwana Msa na Joram Kiango wanaongea Kiswahili kitamu, lakini hawajachorwa. Nani basi atamchora jagina anayepeleleza, mbele ya macho yetu, kwa Kiswahili, katika mji huu wetu? Kiti hicho kiko wazi, na sisi tumekaa tu tukilalamika kwamba vijana hawasomi.

Sasa nifikie sababu yangu kubwa. Nimesema tunaihitaji katuni hii sisi wa Eastlands, kuanzia Majengo na Kaloleni hadi Dandora, Kayole, Umoja na Mathare. Kwa nini sisi? Kwa sababu sisi tunaishi ndani ya hadithi ya namna hiyo, tena bila kuichunguza.

Panda matatu ya Buruburu, namba 58, ile iliyochorwa vizuri, ujionee majagina waliojaa ubavuni. Hao ni wa rangi tu. Mtaa una majagina wake wa damu na nyama. Wazazi wetu husimulia habari za Patrick Shaw, yule Mzungu mnene aliyekuwa polisi wa akiba na pia mfanyakazi wa shule ya Starehe, aliyewasaka majambazi wa Nairobi hadi alipofariki mwaka wa 1988. Wanamsimulia kana kwamba hakuwa mtu wa kawaida, kana kwamba angeweza kuwa Kariobangi na Kawangware saa ile ile. Miaka ya 1990 ikaja zamu ya majambazi waliojulikana kwa majina ya Wanugu, Wacucu na Rasta, nao wakatiwa chumvi mpaka wakawa viumbe visivyokamatika. Polisi jagina, mwizi jagina, na sisi katikati tukipiga makofi.

Kizazi chetu kikapata cha kwake. Kuanzia miaka ya kati ya 2010 kukatokea katika Facebook jina la "Hessy", Hessy wa Kayole, Hessy wa Dandora, na kadhalika. Hakuna aliyejua uso wake. Picha za vijana zilibandikwa na onyo: acha wizi, ama sivyo. Baadaye nyingine zilibandikwa tena, safari hii kijana amelala chini na damu. Na chini yake, ewe msomaji, mamia ya watu wakishangilia. "Kazi nzuri." "Bado wangapi?" Kinyago, usiku, jina la siri, mji ulioshindwa na wahalifu: kila kitu cha Batman kilikuwepo, ila kitu kimoja. Hakukuwa na upelelezi ambao sisi tuliushuhudia. Hukumu tuliiona, lakini ushahidi hatukuonyeshwa hata siku moja.

Mwaka wa 2017 ilisambaa video ya mtu mwenye nguo za kiraia, aliyesemekana ni polisi, akiwapiga risasi vijana wawili huko Eastleigh, mchana, mbele ya umati. Nchi ikagawanyika. Wapo waliolia, na wapo waliosema heri. Mwaka huo huo Mathare Social Justice Centre, kituo kilichoanzishwa na wakazi wenyewe, kilitoa ripoti kuhusu vijana waliouawa na polisi bila kufikishwa mahakamani. Waliandika majina, mahali, na jinsi ilivyotokea. Hiyo, wenzangu, ndiyo kazi ya Bwana Msa, ila bila kiko.

Msidhani nawatetea wezi. Mimi pia ni wa huku. Najua mama anavyonyang'anywa mkoba saa kumi na moja alfajiri akielekea Gikomba kununua mzigo, na simu inavyoruka mkononi ukiwa umekaa dirishani kwenye matatu. Mtu aliyeibiwa mara tatu na kuandikisha ripoti mara tatu bila jibu, usimwambie habari za haki asubuhi hiyo. Hasira yake ni ya kweli. Lakini hasira si ushahidi.

Wacha niwasimulie jambo moja. Ploti ya pili kutoka kwetu aliishi kijana ambaye sitamtaja jina. Kila siku saa tatu usiku alitoka, na kila siku saa kumi na mbili asubuhi alirudi, macho mekundu, miguu mizito. Watu wakaanza kunong'ona. Anatoka wapi saa hizo? Viatu vipya amenunua na nini? Kabla ya mwezi kwisha minong'ono ilikuwa imegeuka uamuzi, na siku moja ikasemekana jina lake limo katika orodha ya walioonywa. Nani aliiona orodha hiyo? Hakuna. Mamake hakungoja kuuliza, alimfungia nguo katika mfuko wa nailoni na kumpandisha basi la kwenda ushago usiku ule ule. Ndipo mama mboga wetu, ambaye huamka kabla ya kila mtu, akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeliuliza: "Kwani ule unga uliokuwa kwenye nywele zake kila asubuhi ni wa nini?" Ulikuwa unga wa ngano. Kijana alikuwa akifanya kazi ya zamu ya usiku katika kiwanda cha mikate huko Industrial Area. Mpaka leo hajarudi, na kazi ile ilipewa mtu mwingine.

Unga ule ulikuwa mbele ya macho yetu sote. Ulionekana kwa wiki nyingi, na ploti nzima haikuuona kwa sababu ilishajua jibu.

Hapa ndipo katuni inapoweza jambo ambalo hata riwaya nzuri haliwezi kirahisi. Katika riwaya mwandishi akitaka ujue habari za unga, lazima auandike, na akiuandika tu wewe unashtuka. Katika katuni, unga unachorwa kwenye nywele za kijana katika picha ya kwanza, kimya, na msomaji anapita. Fumbo likifumbuliwa mwishoni, anarudisha kurasa nyuma na kusema, "Lo! Ulikuwa hapa hapa!" Akifanyiwa hivyo mara tano, mara sita, anaanza kujifunza kutazama. Na kijana aliyejifunza kutazama hatakuwa mwepesi wa kubandika "kazi nzuri" chini ya picha ya maiti ya mtu asiyemjua.

Tena katuni hizo za kigeni zenyewe zilijifunza somo hili. Batman wa mwaka wa kwanza alibeba bastola wakati mwingine, na aliua. Mwaka wa 1940 wahariri wake wakapiga marufuku: jagina huyu haui, wala habebi bunduki. Tangu hapo, kwa sehemu kubwa ya hadithi zake, anawafunga kamba na kuwaachia polisi na mahakama. Kwa nini? Kwa sababu mtu mwenye kinyago akianza kuua, hakuna njia ya kumtofautisha na yule anayemsaka. Katiba yetu ya mwaka wa 2010 inasema jambo hilo hilo bila picha: Kifungu cha 26 kinampa kila mtu haki ya kuishi, na Kifungu cha 50 kinasema mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe kinyume. Vifungu hivyo tunavikariri katika somo la uraia na kuviacha pale darasani. Katuni ingevibeba mpaka kibandani.

Wako walimu watakaoniuliza: na lugha je? Hamtaleta Sheng humu mkaharibu insha zenu? Kwa heshima, nawajibu hivi. Lugha ya upelelezi ni mojawapo ya hazina za Kiswahili, na sisi hatuitumii. Tazameni: mtu anayedhaniwa tu ni mshukiwa. Akinyooshewa kidole waziwazi, ni mtuhumiwa. Akisimamishwa kortini, ni mshtakiwa. Akithibitishwa, ndipo anakuwa mhalifu. Akihukumiwa kifungo, ni mfungwa. Hizo ni ngazi, na kila ngazi ina mlango wake na mlinzi wake. Sasa sikilizeni mtaani: wote hao, kuanzia yule wa kwanza kabisa, wanaitwa "mwizi". Neno moja limekula maneno matano, na pamoja na maneno hayo limekula muda wote ambao ukweli ungepata kusema. Nani basi anayeharibu Kiswahili, mchora katuni au mpiga kelele za "mwizi"? Katuni ya upelelezi haiwezi kwenda hata kurasa mbili bila kuyarudisha maneno hayo yote kazini. Wahusika wakiongea, na waongee kama watu wa Jericho na Huruma wanavyoongea, Sheng ikiwemo. Msimulizi abaki na Kiswahili sanifu. Hata katika tamthilia tunazosoma darasani, mlevi haongei kama imamu.

Wengine watasema picha za mapigano zinaamsha ukatili. Sikatai kwamba zipo katuni za ovyo, za ngumi kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Lakini dawa yake ndiyo hiyo ninayoitaja. Jagina wa nguvu peke yake hufundisha kwamba tatizo huisha ukimpiga mtu. Mpelelezi peke yake, katika mji wa giza, wakati mwingine hufundisha kukata tamaa, kwamba wote wamenunuliwa na hakuna la kufanya. Ukiwachanganya, kila mmoja anamrekebisha mwenzake. Mpelelezi anamwambia jagina, "Ngoja, una hakika?" Naye jagina anamwambia mpelelezi, "Inuka, bado inawezekana." Hayo ni mazungumzo ambayo kijana wa Eastlands anayahitaji kichwani mwake anaporudi nyumbani jioni na kukuta umati umemzunguka mtu.

Basi pendekezo langu kwa chama ni hili. Kuanzia muhula ujao, ule ubao wetu ulio karibu na maktaba, ambao sasa una tangazo la mwaka juzi, tuutumie kwa katuni yetu ya kila wiki mbili. Wachoraji tunao. Wengine wenu mnachora vizuri sana nyuma ya madaftari ya Hisabati, na walimu wanajua. Waandishi tunao. Jagina wetu si lazima aruke. Binafsi ningependa awe mama mboga, kwa sababu katika ploti zetu hakuna anayeona mengi kumliko: nani amekopa, nani amehama, nani ana unga kwenye nywele. Kama mnataka nguvu za ajabu, mpeni moja tu, kwamba mtu akisema uongo mbele ya kibanda chake, sukuma wiki inanyauka. Lakini hata sukuma ikinyauka, isiwe ni ushahidi. Iwe ni sababu ya kuanza kuuliza.

Na tuwe na sheria chache zisizovunjwa. Jagina wetu haui. Haamini uvumi, hata uvumi wa marafiki zake. Kila hadithi iwe na dalili iliyochorwa wazi ambayo msomaji makini angeiona kabla ya mwisho. Na angalau mara moja kwa muhula, awepo mtu wa kumhoji jagina mwenyewe: wewe nani alikutuma? Lile swali nililoomba tuliweke kando mwanzoni liwe na makao ya kudumu ubaoni petu.

Najua wapo watakaonikumbusha kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ni ya kweli, lakini si ya mahakama. Wahenga hao hao walisema mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, na kwamba kuuliza si ujinga. Mimi nimechagua hizo mbili.

Walimu wetu wapendwa, msituzuilie katuni, tusaidieni kuzisahihisha. Na wewe mwenzangu uliyesoma mpaka hapa, kama unajua kuchora, nitafute. Toleo la kwanza liko tayari kwa maneno, linangoja mkono wa kulichora. Linaanza alfajiri, giza bado, na kijana anaingia getini akiwa amechoka, na kitu cheupe kwenye nywele zake.